Nilivyotafsiri kisa cha televisheni, Bi Zuhura akafunga virago

Wakuu, salaam kwenu wote, wenye bando lenu na mnaotegemea wifi ya jirani.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Waliokuwepo wamebaki wachache, na kila mmoja atakueleza kwa namna yake, ndiyo maana nimeona niwahi kuandika mimi.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la nne. Lakini sijafika hata miaka ishirini na mitano, tayari nina kibanda changu cha kutengeneza redio pale Bagamoyo, nina nyumba ya bati wakati wenzangu wako kwenye makuti. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Redio nilikuwa naifungua, naitazama, yenyewe inaniambia inaumwa wapi. Waliosoma mpaka ng'ambo walikuwa wananiletea redio zao zimefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga.

Na tafadhali, msiniite babu kwenye komenti. Nywele zimebadilika rangi, basi.

Sasa kisa chenyewe.

Miaka ya sabini huku bara hatukuwa na televisheni. Unguja walikuwa nayo. Mhindi mmoja aliyekuwa anahama akaniachia televisheni mbovu, akasema kama naweza kuifufua ni yangu.

Kuniambia mimi "kama naweza"!

Nikaifufua. Nikaunga miti miwili ya mikoko, juu nikafunga vyuma vya antena, nikakielekeza kitu Unguja. Siku ya tatu picha ikashika. Chenga zilikuwa nyingi, lakini mtu unamwona ni mtu.

Mama yangu alipoona watu wanatembea ndani ya sanduku akasema, "Saidi, waambie wageni wako wasubiri, sijapika."

Basi kila Jumanne baada ya Magharibi uwanja wangu ulikuwa unajaa. Wanaume kwenye mabenchi mbele, kina mama kwenye mikeka nyuma. Kilichowaleta ni mfululizo mmoja wa Kizungu wa visa vya mashaka. Kila wiki kisa kipya na watu wapya, kinaanza na kuisha siku ileile. Mtu anauawa, hujui nani kamuua, unakaa roho juu mpaka mwisho.

Tatizo, Kiingereza pale hakuna aliyekijua.

Isipokuwa mimi.

Wakuu, nimeahidi ukweli. Kiingereza changu nilikipata nyuma ya redio. Namba zote nilikuwa nazijua. Nilijua "washa", nilijua "zima", nilijua "hatari" na "usiguse". Kwa fundi kinatosha kabisa.

Sinema za gari zilipokuwa zikipita Lugoba na Ubena huko, palikuwa na mtu anasimama pembeni anawaeleza watu kinachosemwa. Na mimi nikafanya hivyohivyo. Nasimama kando ya televisheni na fimbo yangu, mzungu akifungua mdomo tu napunguza sauti ili mimi nisikike.

Kwa hiyo hata aliyetaka kunisahihisha hakuwa na pa kuanzia.

Jumanne hiyo kikaja kisa cha mume na mke. Mume mtu mzima, amenuna muda wote. Mke bado ana damu yake. Akaja daktari, akamvuta mke pembeni, akampa kichupa kidogo, akaanza kumnong'oneza.

Katika maneno yote yale mimi nilishika mawili. "Tatu" na "usi".

Nikatangaza: "Daktari anasema, tia matone matatu, mumeo asijue. Akishakufa nitakuoa."

Kina mama nyuma, "Haaaa!"

Mzee Mwinjuma, aliyekuwa benchi la mbele, akapiga goti lake kofi. "Mwanaharamu mkubwa huyo!"

Mzee Mwinjuma alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge. Mtu wa heshima, sauti nzito, akikohoa tu vibarua wanainuka. Mkewe Bi Zuhura alikuwa nyuma kwenye mkeka. Ndoa yao ilikuwa imenizidi umri mimi.

Kisa kikaendelea. Mke kila siku anatia matone kwenye supu. Siku moja mume akamwona kwenye kioo. Toka hapo, mke akigeuka tu, mume anamwaga supu kwenye chungu cha maua kilichokuwa dirishani. Wanaume wakashangilia kama goli limeingia.

Lakini mwisho mume akaanguka mezani, akafa.

Daktari akaja, akakishika kile kichupa, akatikisa kichwa. Mke analia. Nikatafsiri, "Anamwambia usilie kwa nguvu, watu watajua."

Majina yakaanza kupanda. Kisa kimekwisha.

Asubuhi kwenye benchi la muuza kahawa palikuwa hapatoshi. Swali lilikuwa moja: kama supu alikuwa anaimwaga, amekufaje?

Muuza kahawa alisema sumu kali inaua kwa harufu tu. Mnadi wa samaki akasema yule mume alikuwa na maradhi yake, mke kasingiziwa. Akazomewa. Mwalimu wa madrasa akasema mtu mwenyewe hakusema bismillahi hata mara moja, tunashangaa nini? Na kina mama walituma maoni yao kutoka kisimani: amekufa kwa njaa, mjinga huyo.

Mwisho wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye mwenye kisa.

Ningeweza kusema sijui. Wakuu, mtu mwenye televisheni pekee mtaani anasemaje sijui?

Nikatoa hukumu. "Sumu ilikuwa hata kwenye mkate. Yule mke alishajua zamani kwamba supu inamwagwa."

Nilimwona Mzee Mwinjuma akikiweka chini kikombe chake polepole, hakukimaliza.

Siku ya pili yake, bwana huyu akaingia jikoni kutafuta kiberiti. Juu ya rafu akaona kichupa kidogo.

Kile kichupa, kila nyumba ya pwani inacho. Ni arki, ile ya kutia harufu kwenye tambi na kaimati. Mwenyewe kailamba toka anakula kwa mama yake. Lakini alikuwa hajawahi kukiona kichupa chenyewe, mwanaume wa enzi zile jikoni anatafuta nini?

Mchana Bi Zuhura akatenga chakula, wali na samaki wa nazi. Akafunua kawa, akamnawisha mikono.

Mzee Mwinjuma akamwambia, "Onja wewe kwanza."

Vijana wa siku hizi mtaona neno dogo. Kumwambia mkeo wa miaka yote hiyo, mbele ya sinia lake, onja wewe kwanza! Afadhali ungempiga kibao, angejua pa kupeleka mashtaka.

Bi Zuhura akalisogelea sinia. Akakaa. Akaonja wali. Akaonja samaki. Akaendelea kuonja mpaka sinia likawa jeupe, mume anatazama tu. Akaosha vyombo, akavifudikiza, akafunga virago vyake, akaondoka kwenda kwa kaka yake Mbegani.

Mji ukagawanyika. Benchi la kahawa upande wa Mzee Mwinjuma, kisimani upande wa Bi Zuhura. Wakati huo mzee mwenyewe anakula mihogo ya kukaanga barabarani, kanzu inaanza kumpwaya. Na kaka mtu, Bwana Athumani, akaleta ujumbe: neno lile lifutwe mbele ya watu, au dada yangu apewe talaka yake.

Mimi nilikuwa najifanya nina redio nyingi za kutengeneza.

Mama yangu akanifuata kibandani. "Saidi."

"Naam, mama."

"Yule daktari alisema vile kweli?"

"Mama, kwa kadiri ya…"

"Sikukuuliza kadiri. Umevunja nyumba ya watu kwa Kiingereza cha kuokoteza. Jumapili wanakaa kikao Mbegani. Utakwenda kwa miguu yako, au nikupeleke nimekushika sikio."

Nilikuwa na nyumba ya bati, wakuu. Nikaenda kwa miguu yangu.

Kikao kilikuwa barazani kwa Bwana Athumani. Wazee wanne, Mzee Mwinjuma amekonda kama fimbo yake, Bi Zuhura yuko ndani nyuma ya pazia la mlango. Nikaamkia, shikamooni, wakaitikia marahaba bila kunitazama.

Bwana Athumani akaanza. "Shemeji, umekaa na dada yangu miaka yote. Siku gani umeumwa tumbo kwa chakula chake?"

Mzee Mwinjuma akasema, "Sijaumwa. Hata yule wa kwenye televisheni alikuwa hajaumwa! Muulizeni huyu fundi. Daktari kasema waziwazi, mumeo asijue."

Wote wakanigeukia.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Fundi, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Nina swali moja tu. Ile supu aliyokuwa akiimwagia ua kila siku, na sumu yake yote. Mwisho kabisa, lile ua lilikuwaje? Lilikauka?"

Mzee mmoja akasema anadhani lilikauka. Mwingine akaapa lilikuwa limechanua, kaliona kwa macho yake pale dirishani mume alipoanguka. Wakaanza kubishana. Kisha wakanigeukia mimi niamue.

"Lilichanua, mama," nikasema.

"Lilichanua," akarudia. "Basi sumu gani hiyo inayostawisha maua? Hamkuona kwamba ile ilikuwa dawa? Mgonjwa mbishi, hataki dawa, daktari kamwambia mke amtilie kwenye supu. Mwenyewe akaimwaga. Ndiyo akafa. Amejiua kwa kumdhania mke wake."

Wakuu, baraza zima lilipoa. Hata mimi nilipoa, maana lile swali la amekufaje, lililotushinda sote kwa mpigo, lilikuwa limejibiwa na mwanamke wa nyuma kwenye mkeka.

Lakini Mzee Mwinjuma alikuwa mgumu. Akaninyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyesikia maneno. Alisema dawa au alisema akishakufa nitakuoa?"

Hapo ndipo nilipofika mwisho wa ujanja wangu. Nikisema alisema dawa, ataniuliza kwa nini siku ile nilisema sumu. Nikisema sumu, talaka inatoka na mimi nimekaa palepale.

Nikasema, "Mzee, sijui alisema nini."

"Hujui vipi?"

"Kiingereza sikijui. Nilisikia 'tatu'. Nilisikia 'usi'. Mengine yote nilijazia mwenyewe."

Bwana Athumani akaniuliza taratibu, "Na visa vyote vya miezi yote hii?"

"Vyote, baba."

Mzee mmoja akashika kichwa. "Kumbe yule askari siye aliyemuua mpishi? Mimi nimegombana na ndugu yangu kwa jambo hilo!"

Nyuma ya pazia mtu akaanza kucheka. Kicheko cha kubanwa kwanza, kisha kikamshinda. Mzee Mwinjuma alipokisikia, mabega yakamshuka. Akaondoa kofia yake, akaipapasa, akaivaa tena.

Akasema mbele ya wote, "Mama Mwanaidi, neno lile nimelifuta. Lilikuwa neno la mpumbavu. Nisamehe."

Mwanaidi ndiye binti yao wa kwanza.

Pazia likasogea. Bi Zuhura akatoka na sinia la tambi, akaliweka mbele ya mumewe. Akatoa kichupa cha arki, akakitikisia juu ya tambi, wazee wote wanaona. Akasema, "Na mimi leo sionji."

Mzee Mwinjuma alikula peke yake. Alikula kama mtu aliyetoka safari ya mbali, akaomba na za kesho. Jioni yake wakarudi Bagamoyo, mzigo kaubeba yeye.

Mimi nikabaki na jina. Mpaka leo wapo wanaoniita Matone Matatu. Kibanda hakikufa, kikakua, maana watu walikuja kuniona tu wakaona aibu kuja mikono mitupu, wakaleta redio. Televisheni nikawaachia sauti juu, kila mtu atafsiri mwenyewe. Ubishi kwenye kahawa ukawa mara tatu ya zamani.

Miaka mingi baadaye, Mzee Mwinjuma alipofariki, nilikwenda kumpa pole Bi Zuhura. Tukazungumza, nikamwambia, mama, ulikuwa na macho siku ile, kuliona lile ua katikati ya chenga zote zile.

Akasema, "Ua gani, mwanangu? Mimi siku ile nilisinzia toka supu ya pili. Yote nilisimuliwa na kina mama kisimani."

Na mimi nikamwambia kweli yangu. Mume alipokuwa anaanguka, nilikuwa nimegeuka natazama antena. Sikuona kama ua lilichanua, sikuona kama lilikauka. Nilisema tu.

Akasema, "Hiyo ulitafsiri vizuri."

Nilichojifunza: ukiwa umesikia maneno mawili, yaseme hayo mawili. Usijazie, hasa mbele ya mtu ambaye usiku anarudi nyumbani kula.

Wakuu, naomba maoni yenu. Ile ilikuwa dawa au sumu? Na kama yupo humu aliyekiona kisa hicho Unguja na Kiingereza anakijua kweli, ajitokeze. Nina umri huu na bado sijui yule daktari alisema nini.