Jani la Kuombea Radhi, Northfield

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, niliamini kwa siku nzima kwamba nimemuua mdogo wangu kwa tawi la mti. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Tuliishi Northfield, kusini mwa Birmingham, miaka ya sabini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Mama alikuwa nesi, Baba akisomea uhandisi, na mdogo wangu Eliya alikuwa na miaka miwili na kinywa kisichobagua. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bibi Hadley, mjane wa Kiingereza aliyetuangalia kila Mama alipokuwa zamu. Uani kwake palikuwa na mti wa holi, wenye majani ya miiba na matunda mekundu kama shanga.

Wiki moja kabla ya Krismasi alinikatia tawi.

"Liache nje mpaka mkesha, Aika," aliniambia. "Likiingia ndani mapema, linaingia na balaa."

"Balaa gani?"

"Sijui. Mama yangu hakuniambia, nami sikuthubutu kujaribu."

Mimi nilithubutu. Nyumba yetu haikuwa na pambo hata moja. Mama alisema mapambo ya kanisani yanatosha. Nikalificha tawi nyuma ya pazia la chumbani, nikawa nalichungulia asubuhi na jioni kwa furaha ya mwizi. Siku ya tatu, Jumamosi, nikamkuta Eliya chini ya dirisha akitafuna, midomo myekundu. Akatapika. Akatapika tena juu ya viatu vya Baba, kisha akalegea.

Mama alimkimbiza hospitalini. Nilijifungia chooni nikilia, nikiisihi hiyo balaa inichukue mimi.

Alasiri walirudi, Eliya akidai biskuti. Mama hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Hadley, nami nyuma yake.

"Unampa mtoto sumu aje nayo nyumbani kwangu? Wanangu hawatakanyaga hapa tena!"

Bibi Hadley alinitazama mimi. Alijua. Angeweza kunitaja, na ingekuwa haki yake. Akasema tu, "Nashukuru kwamba mtoto ni mzima," akafunga mlango taratibu.

Wakati wa chakula cha jioni niliweka kijiko chini. Nilieleza yote. Mama akashika kichwa. "Kumbe nimemtukana mtu mzima bure."

"Nenda ukamwombe radhi," Baba alisema.

"Mikono mitupu? Na huku isale nitaitoa wapi?"

Kwetu Kilimanjaro, aliyekosa hupeleka jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani mwa mashamba, likiwa limefungwa fundo, na aliyekosewa akishaletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Asubuhi Mama alizunguka ua uliojaa barafu, miti yote imebaki vijiti, mpaka akaona mmea wa kijani uliotambaa juu ya uzio. Akakata kipande, akakifunga fundo, akanishika mkono.

Bibi Hadley alipofungua, Mama alimpa kwa mikono miwili, akamweleza maana yake.

"Kwa nini jani?" Bibi Hadley aliuliza.

"Kwa sababu isale haifi upesi. Ukiikata ukaichomeka ardhini, inaota."

Bibi Hadley alianza kucheka huku machozi yakimtoka. Alitukaribisha jikoni, akatuambia kwamba watu wake wa kale, kabla kanisa halijafika kwao, waliona miti yote inapukutika wakati wa baridi isipokuwa michache kama holi na huo mmea wa uzioni. Wakasema uhai umejificha humo. Basi waliyaleta majani ndani, mizimu ya msituni ipate joto mpaka jua lirudi. Kanisa lilipokuja liliyakuta majani yameshatundikwa, likayaacha.

"Mizimu?" Mama aliuliza. "Na nyinyi mlikuwa na mizimu?"

"Tena mingi, mwanangu!"

Mama alicheka mpaka akashikilia meza. Yeye, aliyefundishwa na wamisionari wa Kizungu kwamba isale ya bibi yake ni giza!

Mkesha tulipamba nyumba zote mbili, majani juu kabisa, Eliya asiyafikie. Baba alichomwa na miiba akapiga mayowe kwa uchungu, sisi tukadhani ni wimbo. Tulikula pilau na keki ya Bibi Hadley. Siku ya kumi na mbili ya Krismasi ilipofika, ambayo kwa imani ya kina Bibi Hadley mizimu ikibaki ndani baada yake huanza kusumbua, Mama aliyatoa majani yote mwenyewe, alfajiri, bila kuambiwa.

Najua sasa kwamba matunda yale yangemtapisha Eliya hata siku ya mkesha. Balaa ilikuwa sumu tu. Lakini sijapata kuona ukarimu kama ule wa mwanamke aliyepokea matusi yaliyonistahili mimi na kunyamaza. Na Mama, aliyeendelea kupiga magoti kila usiku kama kawaida, alianza majira yale kutusimulia habari za bibi yake na isale yake, akimtaja kwa jina, bila kushusha sauti.