Kikaragosi aliyeitwa msibani

Juzi, ofisi ya kata Chumbi, nilikaa benchi moja na mchekeshaji ambaye kwa miaka mingi amezunguka vijiji vya Rufiji na kikaragosi wake wa mbao. Alikuja kuomba kibali cha onyesho. Wakaingia kina mama wawili, macho mekundu.

"Bibi yetu amefariki alfajiri," alisema mkubwa wao. "Yule aliyekuwa akitukanana na kikaragosi wako kila mkija."

Mchekeshaji akasimama. "Inna lillahi. Poleni, mama zangu. Nitakuja kuzika."

"Karibu. Ila tumemfuata yeye." Akaonyesha kwa kidevu mfuko wa kikaragosi. "Marehemu alisema huyo ndiye mtani wake. Mtani asipokuja kutuchekesha, msiba gani huo?"

Mchekeshaji akamtoa kikaragosi polepole. Kikaragosi akawatazama kina mama mmoja baada ya mwingine, kisha akainamisha kichwa.

"Sasa nani atanitukana?" akauliza, kwa sauti ileile ya kukwaruza.

Wakacheka, huku wakijifuta machozi kwa ncha za kanga. Mtendaji wa kata akagonga muhuri kwenye kibali bila kusoma kitu. Nami niliinuka kumpa pole msanii, nikajikuta nimeshika mkono wa mbao.