Ukimya wa Mtoto Njiti

Alasiri moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa binti mdogo, nimetoka wodini na Idi, mwanangu wa kwanza, njiti aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Tulipanga chumba ghorofani Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Chini spika za wachuuzi hazikunyamaza, na joto la Bongo unalijua.

Idi hakuwa akilia. Majirani walikuja kunipongeza. "Una bahati, mtoto hata hasumbui!" Nami nikaona fahari. Lakini siku hiyo lori lilipiga honi chini ya dirisha, nikaruka; yeye hata kope haikutikisika. Macho yalikuwa nusu wazi, kana kwamba anamtazama mtu aliyesimama nyuma yangu. Niligeuka. Hapakuwa na mtu.

Mama mkwe akaingia.

"Shikamoo, mama."

Alishamshika mtoto mguu. "Amenyonya?"

"Amekataa tangu asubuhi. Ila homa hana."

"Unasubiri homa?" Sauti yake ilishuka. "Baridi hii naijua. Kaka mkubwa wa mumeo alikuwa mtulivu hivi hivi. Tulimsifu, kumbe anaondoka."

Nikagusa unyayo ule. Jua linawaka nje, nao wa baridi kama sakafu.

Akamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga kanga, tukapanda bajaji kwenda hospitali. Njia nzima kidole changu kilikuwa mbele ya pua yake. Pumzi inakuja, inasita, nadhani ndiyo basi, inarudi.

Tulipofika wakamchoma dawa, kisha nesi akanieleza: "Kila mtu huzaliwa na walinzi mwilini, dada. Wa njiti ni wachache, na bado hawajui kuitana. Ngozi nyepesi, vijidudu vinapita, mwili hauna nguvu hata ya kupandisha joto. Mkamulie maziwa, yanampa kinga yako mpaka yake ikomae."

Nikakamua, wakampa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni. Asubuhi moja Idi akalia, kwa hasira, wodi nzima ikageuka. Mama mkwe akaketi sakafuni, akalia naye.

Sasa nawe umejifungua njiti. Akipoa, akilegea, akikataa ziwa, usingoje homa wala usingoje mumeo arudi kutoka kazini, mkimbize hospitali. Mbebe kifuani. Anayetaka kumshika anawe mikono kwanza, hata akinuna. Mungu amkuze mjukuu wangu, naye akupigie kelele mpaka majirani wagonge mlango.