Taa ya Machimboni Juu ya Matumbawe

Nianze kwa kusema wazi kwamba nina hasira. Mokami Marwa, ambaye hapa Mugumu wengi tunamwita Mama Boke, aliitwa mtia sumu mchana kweupe, mbele ya watu ishirini na watatu. Nami nilikuwepo. Nimesikia watu wakisimulia jambo hilo kama kichekesho cha hotelini, eti ugomvi wa mfanya usafi na mawe ya bosi. Hakuna cha kuchekesha pale.

Mama Boke ni mtu wa kawaida kabisa. Alizaliwa Nyarero, nikamfundisha kusoma na kuandika kwenye shule ya pale, akamaliza kidato cha nne. Akaolewa Ringwani na mwanamume aliyekwenda machimboni mwaka mmoja baada ya harusi, na mpaka leo hajarudi wala hajatuma salamu. Alipoona ukimya umezidi, alimbeba binti yake mgongoni akaja Mugumu kupanga chumba. Asubuhi anafanya usafi kwenye hoteli ya Masanja, jioni analea vifaranga.

Na kwa vifaranga hana mpinzani. Hata wenye mabanda makubwa huja kumwuliza anafanyaje. Siri yake si dawa. Anasema taa haipimwi kwa macho ya anayeifunga, inapimwa kwa anayekaa chini yake. Vifaranga wakirundikana chini ya balbu, taa iko juu mno, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, iko chini mno, wanaungua. Wakitawanyika na kula, basi hapo ndipo mahali pake. Kabla hajafunga kamba yoyote, yeye hukaa akaangalia, hata nusu saa, na mtu akimharakisha anajifanya hasikii.

Sasa huyo Masanja. Alikuja huku kutoka Shinyanga akiwa na sururu na shati moja, akachimba dhahabu, akapata, akajenga hoteli ya ghorofa mbili. Sina neno na hilo, jasho lake ni lake. Mwaka juzi alikwenda Nairobi akaona kwenye hoteli moja sanduku kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, samaki na matumbawe. Akarudi anasema wageni wanaotoka kuangalia simba wapumzike kwa kuangalia bahari. Akaagiza la kuweka ukumbini. Maji yakachotwa ya bwawa la Manchira, yakachujwa mara tatu, yakatiwa chumvi maalumu iliyokuja na mzigo. Watu wakaanza kutania kwamba Mugumu tumepata bahari na hatuna hata kambale wa kutosha.

Ndani ya mzigo kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa na vipande tisa vya matumbawe, ambavyo yule mwuzaji wa Nairobi alivikuza mwenyewe. Na hapa ndipo ulipoanza upumbavu. Meneja wa hoteli, kijana aitwaye Nelson, alisoma orodha kwa sauti, akafika kwenye neno matumbawe, na kila aliyekuwepo akasikia mawe. Nani hapa kwetu amewahi kuona tumbawe lililo hai? Mawe tunayajua. Masanja anayajua kuliko sisi wote, na kwa mchimbaji jiwe ni jiwe: unaliosha, unalimulika, na likiwa jeupe lenye kung'aa unashukuru Mungu.

Taa yake ilikuja ndani ya boksi hilo hilo, ndefu, nyembamba, yenye mwanga wa bluu uliochanganywa na mweupe. Karatasi iliyoandamana nayo ilisema iwekwe futi moja juu ya maji, ianzishwe kwa nguvu ndogo, iwake saa sita tu kwa siku, kisha iongezwe kidogo kidogo kila wiki. Nelson aliiwasha akacheka. Alisema hoteli ya heshima haiwezi kuwaka bluu kama baa ya stendi. Masanja akakubaliana naye, akaagiza iletwe kutoka machimboni kwake taa kubwa ya kumulikia mdomo wa shimo, ile ambayo ukiitazama unaona madoadoa mpaka kesho yake. Ile ya bluu ikatupwa stoo, na hii wakaifunga shubiri moja juu ya maji. Ikawashwa kabla ya chai ya asubuhi, ikazimwa wageni walipokwenda kulala.

Mama Boke aliona siku ya tatu. Siku ya kwanza vile vipande vilikuwa vimenyoosha vidole vyao laini, vinacheza na maji. Siku ya tatu vilikuwa vimejikunja kama mtu aliyefunga ngumi. Alimweleza Nelson kwamba taa iko chini mno na ina nguvu mno, vitu vile vinaikimbia. Nelson alimjibu kwamba kazi yake ni kufuta kioo kwa nje.

Mtu mwingine angefuta kioo. Yeye alichukua namba ya simu iliyoandikwa ubavuni mwa boksi, akampigia yule mwuzaji kwa vocha yake mwenyewe.

"Hizo si mawe, mama," yule mtu alimwambia kwa Kiswahili cha kwao. "Hizo ni wanyama. Ziko hai, na hiyo taa yenu itazichoma."

Akamfafanulia vizuri. Ndani ya nyama ya tumbawe kuna mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, nayo hutumia mwanga kulipikia chakula. Mwanga ukizidi, tumbawe linaifukuza ile mimea, na rangi inaondoka nayo. Tumbawe likiwa jeupe ujue lina njaa. Halijafa bado, ila liko njiani. Alimwambia pia kwamba matumbawe mapya huwekwa chini, kwenye kivuli, yakazoea taratibu kabla ya kupandishwa karibu na taa.

Mama Boke alikwenda moja kwa moja kwa Masanja. Alimwamkia, akaeleza yote, hatua kwa hatua, na karatasi ya taa mkononi. Wakati huo vipande vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe, na Masanja alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa amevipiga picha akawatumia wenzake wa machimboni. Alisema mawe yalikuja na uchafu wa kahawia na sasa yametakata, na kwamba tangu azaliwe hajaona jiwe jeupe likawa hasara. Nelson, aliyesimama pembeni, akapokea sifa za kuyatakatisha. Akazipokea kwa mikono miwili.

Mimi nilifundisha miaka thelathini na minne. Najua mtoto asiyejua, na sina hasira naye. Hasira yangu ni kwa mtu anayeletewa maarifa mlangoni, bure, kwa heshima na shikamoo juu, akayakataa kwa sababu aliyeyaleta ameshika ndoo.

Alipoona hasikilizwi, Mama Boke alifanya jambo moja tu. Asubuhi moja aliosha mkono mpaka kwenye kiwiko kwa maji matupu, akauzamisha ndani, akachukua kipande kidogo kuliko vyote na kukisukuma nyuma ya jabali kubwa, chini kabisa kwenye kona, mahali ambapo ile taa haifiki. Hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu vile vinane vikaanza kuchubuka. Nyama ikatoka vipande vipande, kioo kikaota utelezi wa kijani, ukumbi ukanuka. Masanja akauliza kulikoni. Na Nelson, ambaye siku chache nyuma alikuwa mtakatishaji hodari, akasema kitu kikiwa cheupe ghafla namna ile kimetiwa dawa ya kung'arisha nguo, na katika hoteli nzima dawa hiyo anaishika mtu mmoja.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Tulikuwa ukumbini kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, tukijadili mapambo. Masanja aliingia, akamwita Mama Boke aliyekuwa anapiga deki, akamsimamisha mbele ya kioo.

"Umetia sumu kwenye maji yangu," alisema. "Leo uondoke, na watu wote wakujue."

Mgeni anaweza kudhani hapo ilikuwa inapotea kazi tu. Kwetu sivyo. Ukishaitwa mtia sumu, hakuna atakayekunywa uji nyumbani kwako, wala hakuna atakayenunua kuku wako. Binti yako akikua, wazee wa upande wa pili watauliza ni wa nani, watajibiwa, nao wataaga na kurudisha ng'ombe wao. Jina hilo Mama Boke angelirithisha. Alilijua, na sisi sote tulilijua. Sisi watu ishirini na watatu, wengine majirani zake, wengine wanakula mayai yake kila wiki, tulitazamana. Nilitafuta la kusema nikaliona, nikalimeza. Masanja alikuwa ametupa ukumbi kwa bei nafuu.

Mama Boke hakulia. Alimwomba Nelson azime ile taa. Nelson akamtazama bosi, bosi akaitikia kwa kichwa, taa ikazimwa, macho yetu yakapumzika. Kisha akamwomba Masanja ainame upande wa kona, nyuma ya jabali. Baadhi yetu tukasogea pia.

Kilikuwepo. Cha kahawia, kinene, kimenyoosha vidole vyake vyote na kucheza na maji kama siku kilipofika. Samaki wawili walikuwa wanapita juu yake bila wasiwasi.

"Maji ni haya haya, mzee," alisema Mama Boke. "Sumu haichagui kona. Kama niliitia, hiki kimeponaje, na hawa samaki wamepona vipi? Kitu pekee ambacho hakikufika hapa ni taa yenu."

Masanja aliinama, akakitazama kile kipande, kisha akaitazama ile taa iliyozimwa. Mtu aliyefuata mkanda wa dhahabu gizani miaka kumi si mjinga, akionyeshwa anaona. Alipoinuka alimtazama Nelson, na Nelson akawa anarekebisha tai. Ndipo Masanja akamwambia Mama Boke kwa sauti ya chini waende ofisini wakaongee. Alikataa. Alisema kushtakiwa hakushtakiwa ofisini.

"Basi," akasema Masanja, "tusameheane."

Neno hilo linaniudhi kuliko matusi. Mwenye nguvu akikukanyaga, anakuja na tusameheane, mgawane kosa nusu kwa nusu, nawe ushukuru kwa fungu lako. Nimelisikia makanisani, nimelisikia kwenye mabaraza ya ukoo, na kila mara aliyeumia ndiye anayeitika haraka.

"Tusameheane ni ya watu waliokoseana," Mama Boke alisema. "Mimi nimekukosea nini?"

Masanja alijikuna shingo, akatazama viatu vyake, akasema, "Nisamehe, Mama Boke. Hukutia kitu." Alilisema kwa sauti ya kutosha mpaka waliokaa nyuma wakasikia. Akajibiwa kwamba amesamehewa. Kisha akatumwa stoo, yeye mwenyewe, kuileta ile taa ya bluu, na vipande vinne vilivyokuwa bado na nyama vikahamishiwa kivulini. Vitatu vilipona. Nelson yupo hadi leo, na wageni wakiuliza, anawaeleza jinsi alivyogundua tatizo la mwanga.

Mama Boke alipomaliza kuelekeza alichukua ndoo yake kuelekea mlangoni. Ilimbidi apite katikati ya viti vyetu. Watu walimpisha, mmoja akampa pole, mwingine akasema Mungu mkubwa. Hakusimama kwao. Alisimama kwangu, akainama kidogo kwa adabu ile ile niliyomfundisha akiwa na miaka saba.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Alisubiri niitike. Nilifungua mdomo, na marahaba haikutoka.