King'ora cha Chai

Jamani, mpaka leo nikimwona Mama Koku sokoni Igoma natamani nijifiche nyuma ya matenga ya nyanya, maana aibu niliyoipata nilijitakia mwenyewe, hakuna mchawi.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Kulwa mimi (utulivu wote alipewa pacha wangu Doto) nikiona waya lazima niufuate mpaka mwisho. Sasa kiwandani kwetu Nyakato, tunakokata minofu ya sangara, wenzangu wakanichagua mwakilishi wa usalama kazini, nikapelekwa semina, nikarudi kifua mbele. Muda si mrefu kikafungwa king'ora cha moto, kitufe chekundu kikawekwa ukutani nje ya jiko la kantini, nami kila nikipita pale nakitazama. Hivi kinaliaje? Kama meli ya Nansio ikitaka kuondoka? Na mtu aliye ndani ya chumba cha barafu atakisikia kweli? Asubuhi moja, chai ikiwa karibu, uzalendo ukanishinda, nikabonyeza.

Weee! Kililia mpaka meno yakanigongana. Watu wakatoka mbio na magambuti yao miguuni, macho yamewatoka.

"Kulwa, kuna nini?"

Badala ya kusema nilikuwa najaribu tu, nikaona haya, nikachekacheka, nikasema, "Chai tayari!"

Wakafurahi, wakaenda kunywa. Kesho yake wakasema kengele ya zamani ya chai haisikiki kwenye kelele za mashine, bora kile cha jana, basi ikawa kila siku ya Mungu saa ya chai nabonyeza, na nilijiona mbunifu kwelikweli (meneja ofisi yake iko mjini, angejuaje?).

Ikaja siku. Mama Koku, mpishi wetu, mama wa Bukoba mwenye mwili wake na maneno yake, alikuwa anakaanga maandazi, mafuta kwenye karai yakashika moto. Akafanya kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe: akatoka, akabonyeza kitufe, akarudi kufunga gesi. Nilikuwa chumba cha barafu, nikasikia (kumbe kinasikika!), nikatazama saa, chai bado kabisa. Nikatoka mbio.

Nilipofika nikakuta watu wamebanana kwenye mlango wa jiko, nao ni mmoja tu, kila mtu na kikombe chake mkononi, wa mbele wameuona moshi wanataka kurudi, wa nyuma wanazidi kusukuma wakidhani leo chai imewahi, na ndani huko Mama Koku anakohoa, "Nipisheni nitoke! Nakufa mimi!"

"Rudini nyuma, moto!" nikapiga kelele.

"Kulwa acha roho mbaya, maandazi utakula peke yako?" akajibu mmoja, wenzake wakacheka.

Hapo nikajua nimemuua mama wa watu. Nikazunguka mbio hadi dirisha la kugawia chakula cha mchana, nikamshika mikono, nikavuta, akakwama kiunoni, nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili, yeye juu mimi chini, kilemba chake usoni kwangu, mbele ya kiwanda kizima. Nikainuka, nikachukua mtungi wa kuzimia moto, nikapulizia kupitia dirisha lilelile mpaka moto ukafa.

Meneja alipigiwa simu, akaelezwa yote, akaja akihema, akatukuta bado uwanjani. "Nani aliwaambia king'ora ni cha chai?" Vikombe vyote vikanielekea mimi.

Mama Koku akajifuta masizi, akaniangalia weee, halafu akasema, "Kulwa mwanangu, mimi nimebonyeza kuomba msaada, wewe umeniletea wateja."

Watu wakaangua kicheko. Mimi machozi yalinitoka. Udadisi wangu wote ule, nilijiuliza kila kitu kuhusu kile king'ora, isipokuwa jambo moja tu: wenzangu wakikisikia, wataelewa nini? Na hilo ndilo nililochaguliwa kulisimamia.

Siku hizi saa ya chai tunagonga kipande cha chuma, na kitufe kile sikigusi hata kwa majaribio kabla sijamtangazia kila mtu, nimeapa. Lakini nikikutana na Mama Koku pale sokoni, nikimwamkia, "Shikamoo mama," anatazama kwanza nyuma yangu.

"Marahaba. Leo umekuja na wangapi?"