Nyuzi za Besi za Mzee

Wasee, leo nimetupa utoto wangu kwa pipa la taka, na nilidhani naleta zawadi.

Mzee wangu amepiga gita la besi hapa mtaani Mbotela tangu kabla nizaliwe. Nyuzi hajawahi kubadilisha. Zimezungushiwa utepe bapa wa chuma, ukipitisha kidole ni laini kama mgongo wa kijiko.

Asubuhi akiwa kanisani, nikamwekea mpya. Zinang'aa balaa!

Amerudi, akaketi, akapiga.

Ting. Ting. Ting.

Akatelezesha kidole, uzi ukalia kwiiik. Hizi mpya zimezungushiwa waya mviringo, zinakwaruza kama tupa. Na vidole vyake siku hizi vimechoka.

Akaangalia kidole. Akaniangalia mimi.

"Za zamani ziko wapi?"

Jameni. Nikaelekeza kidole kwa pipa la taka.

Mama, ambaye amelalamikia hiyo besi maisha yangu yote, akatoka jikoni na gazeti limekunjwa. Ndani, nyuzi zote nne. Alikuwa ameziokota kwa taka.

"Si wewe husema hiyo kelele inakuumiza kichwa?" nikamuuliza.

"Inaniumiza. Lakini wewe ukiwa mdogo ulikuwa hulali bila hiyo."

Tukazirudisha.

Dum. Dum. Dum.

Sauti fupi, nzito, kama mtu anatembea pole pole chumba cha pili.

(Kwenu mlikuwa mnalazwa na sauti gani? Semeni ukweli.)

Mimi niko na miaka thelathini na nane. Nimelala kwa kiti kabla mzee amalize wimbo wa kwanza.