Rili Niliyokataa Kuipokea

Niweke jambo moja wazi kabla ya mengine yote. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, wala sikuwa nimesinzia. Kwa miaka thelathini na moja nilisimamia stoo ya serikali mjini Nakuru, na katika muda huo wote sikutia sahihi kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba niliyaona haya, amini kwamba niliyaona. Wale wanaokaa kwa kinyozi huku Kiamunyi wakicheka kwamba "mzee wa stoo amezeeka vibaya" hawakuwepo mtoni. Mimi nilikuwepo. Mwalimu Chepkwony alikuwepo pia, na yeye ndiye aliyekuwa karibu kutotoka.

Nilistaafu mwanzoni mwa mwaka 2007. Jirani yangu, huyo Mwalimu Chepkwony, aliyekuwa mwalimu mkuu na ambaye alistaafu kabla yangu, aliniona nikizunguka uani nikikagua ua uliokwisha kukaguliwa, akanihurumia. Ndiye aliyenifundisha kuvua trauti, wale samaki wa mito ya baridi, kwa nzi wa bandia. Huu si uvuvi wa kutupa nyungunyungu na kungoja. Unafunga nzi mdogo wa manyoya mwishoni mwa uzi, unaurusha uzi juu ya maji mbele na nyuma bila haraka, na samaki anadhani ni mdudu aliyetua. Tulikwenda kwa pikapu yake hadi kijito kimoja baridi kinachoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Trauti waliwekwa humo zamani, nao wakazoea.

Fimbo alinigawia yake ya zamani. Rili ilinibidi ninunue mwenyewe. Kwa asiyejua, rili ni lile gurudumu dogo linalokaa chini ya mshiko wa fimbo na kuhifadhi uzi. Tulikwenda pamoja mjini kwenye duka la Bwana Harjit, Singasinga anayeuza kila kitu kuanzia misumari hadi taa za mkono. Alipanga rili tatu juu ya kaunta.

"Hii, bwana mkubwa, ni ya wazito wa Milimani," alisema. "Hii ya katikati ni ya meneja wa benki. Na hii," akaisukuma ya tatu kwa kidole kimoja kama anayesukuma mende aliyekufa, "ni ya mtu mwenye haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya kurudi kununua nyingine."

Nilivaa miwani nikaanza kazi. Ile ya wazito ilikuwa na breki yenye visahani vingi vyembamba. Niliuliza: mchanga ukiingia humo, nani anaifungua? Akasema ataipeleka Nairobi. Nikaiweka kando. Ile ya meneja ilikuwa nzito kuliko fimbo yangu, na mkono ungechoka kabla ya saa nne asubuhi. Ya tatu ilikuwa na springi moja, skrubu moja na mpini mfupi wa mbao. Niliifungua kwa sarafu, nikaifunga, nikaitikisa sikioni, nikaibonyeza kando kuona kama fremu itayumba. Haikuyumba. Ilipozunguka ilitoa mlio mkali wa kru-kru-kru, ambao humwambia mvuvi kwamba samaki anaondoka na uzi. Trauti wa kijito chetu hazidi urefu wa kiganja na nusu. Anahitaji breki ya lori ya nini?

"Nusu saa!" Bwana Harjit alisema akinifungia. "Mimi mke nilichaguliwa kwa muda mfupi kuliko huu."

"Bwana Stoo," Mwalimu akadakia, "umetoka kazini, lakini kazi haijakutoka. Hiyo utavulia viluwiluwi."

Nilivumilia dhihaka hiyo miezi mingi. Rili ikafanya kazi kila wiki bila kosa.

Mwezi wa tisa Mwalimu alikwenda mtoni peke yake, akarudi na rili nyingine kabisa. Ilikuwa ya rangi ya fedha, imechongwa majani pembeni, na ilizunguka bila mlio wowote. Nakiri kwamba sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Umeinunua wapi?"

"Nimepewa. Kuna mzee pale mtoni. Kasema mkono wangu unaistahili."

"Jina lake nani?"

"Wewe nawe! Mtu akikupa zawadi, unamwitisha kitambulisho?"

"Mimi humwitisha."

Akacheka mpaka akakohoa. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia kwa muda mrefu. Alianza kwenda mtoni kila siku, akirudi bila samaki, viatu vimelowa, macho yamezama. Mwili ukampungua. Hakunikaribisha tena kwenye pikapu. Kisha asubuhi moja mkewe, Mama Chebet, akaja mlangoni kwangu na kanga begani, akakataa kuketi.

"Mzee, nisaidie. Baba Chebet anaisha. Analala na kile kitu mkononi. Nilijaribu kukitoa vidoleni akiwa usingizini, hakitoki. Jana ameniaga kama mtu anayesafiri."

"Amesema anakwenda wapi?"

"Amesema leo ndiyo leo."

Jioni ile nilijipakia kwenye pikapu bila kualikwa. Tulifika jua likiwa bado juu ya miti, mwanga wa kutosha kusoma gazeti, na nalisema hili kwa sababu wapo wanaodai kwamba giza lilinidanganya. Aliingia majini hadi magotini. Hakurusha uzi. Rili ile ilianza kuzunguka yenyewe, kimya, ikikusanya uzi, na kila ilipozunguka Mwalimu alipiga hatua moja mbele, kuelekea kidimbwi cheusi chini ya mwamba.

Katikati ya kidimbwi hicho alisimama mtu. Maji yalimfika kiunoni, lakini hayakugawanyika kumpisha. Yalipita kana kwamba hayupo. Koti lake la kizamani lilikuwa kavu. Uso wake sikuweza kujua ni wa watu gani.

"Karibu, mzee," aliniambia kwa adabu. "Rafiki yako amebakiza hatua saba."

Utaniuliza mbona sikukimbia. Nilitaka kukimbia, sitakuficha. Lakini nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyoogopa.

"Mwalimu, iachilie hiyo rili!"

"Haiachiki!" alilia. "Nimeitupa, nimeizika shambani. Asubuhi naamka nayo mkononi!"

"Aliipokea kwa mkono wake," yule mtu alisema. "Mimi nami niliipokea hivyo, zamani. Akifika hapa nilipo, mimi nitaondoka, naye atasimama mahali pangu hadi ampate wa kumpokea. Hakuuliza swali hata moja. Huwa hawaulizi." Kisha akanitazama. "Au ichukue wewe, umwokoe. Nyoosha mkono tu. Ile takataka yako ya kuvulia viluwiluwi haikuaibishi?"

Alijuaje neno hilo? Mpaka leo sijui. Rili iling'aa katika mkono wa Mwalimu, na naapa kwamba vidole vyangu vilianza kufunguka vyenyewe. Niliviweka nyuma ya mgongo, nikavishika mkono kwa mkono. Sikufikiri. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza tuliyofundishwa stoo: kifaa hakiguswi kabla ya kukaguliwa, kwa maana ukikishika mbele ya aliyekileta umekwisha kukipokea, na kasoro zake zote ni zako.

Niliingia majini na viatu vyangu, mikono nyuma, nikafika ubavuni mwa Mwalimu, nikainama.

"Igeuze nione upande wa pili," nilimwambia.

Akaigeuza. Ndipo nilipoona kwamba gurudumu lile halikushikwa na chochote. Halikuwa na ekseli. Lilizunguka hewani tu ndani ya fremu. Na uzi wake haukuwa uzi. Zilikuwa nywele, za watu wengi, nyeusi na za mvi, zimesokotwa pamoja kwa ustadi. Mwalimu akavutwa hatua moja, kisha nyingine. Nikasema kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwaambia madereva wa mizigo:

"Kifaa hiki ni kibovu."

"Nini?" yule mtu alisema.

"Hakina ekseli. Mpini umelegea."

"Haujalegea!"

"Umelegea. Na fremu imepinda upande wa kushoto."

Adabu ilimtoka usoni. "Rili hiyo haijawahi kupinda! Hakuna nyingine kama hiyo katika mito yote ya milima hii!"

"Naamini hakuna nyingine, kwa sababu hakuna fundi ambaye angethubutu kurudia kosa kama hili. Rili yangu ya bei ya chini imenyooka kuliko hiyo. Mlio haina, breki haina. Stoo kwangu ningeiandika mbovu, irudishwe kwa aliyeileta. Mwalimu, wewe ulipokeaje takataka kama hii?"

Mwalimu alikuwa amebakiza hatua moja, maji kifuani. Wavuvi mnajua, mtu anayejivunia rili yake atavumilia umtukane mama yake, lakini hatavumilia useme kwamba imepinda.

"Lete hapa nikuonyeshe!" alifoka, akanyoosha mkono na kuinyakua.

Vidole vyake vilipofunga juu ya fedha ile, akaelewa. Nilimwona akielewa. Alinitazama kama mtu aliyejifungia nje na funguo zikabaki mezani. Mwalimu akaanguka chali majini, mikono mitupu. Rili ikazunguka kwa kasi, na ule uzi wa nywele ukamvuta mwenyewe chini, koti na vyote, bila povu hata moja.

Nikapaza sauti kijito kizima kisikie: "Imerudishwa!"

Nilimburuta Mwalimu hadi kwenye nyasi. Alilia, kisha akacheka kile kicheko chake hadi akakohoa. Mimi, na hili watu hukataa kuliamini kuliko hayo mengine yote, niliunganisha fimbo yangu nikarusha uzi mara moja katika kidimbwi kile kile, kwa sababu sikukubali tufukuzwe kwenye mto ulio wetu. Kru-kru-kru! Trauti mnono, mwenye madoa mekundu. Mama Chebet alitukaangia usiku uo huo, akatazama vidole vya mumewe vikichambua miiba.

Mwalimu amepona, ila kiganja chake cha kulia kimebaki baridi. Chai ya moto aliyoishika kwa mkono huo hupoa kabla hajainywa, nami nimeipima mwenyewe kwa midomo yangu. Wanaodai kwamba nimezeeka vibaya waje wamsalimie kwa mkono. Rili yake ya sasa ni kama yangu. Aliikagua dukani kwa muda wa saa nzima, Bwana Harjit akaagiza chai.

Nawe unayetaka kuvua katika mito ile, nunua rili yako mchana, dukani, kwa mtu mwenye jina na mlango. Ifungue. Itikise sikioni. Usione haya kuchukua ya bei ya chini ikiwa inakutosha. Tangu mwaka ule, wavuvi wawili wasiojuana wamenieleza kwamba kwenye kijito kile kuna mtu mwenye koti kavu anayewaonyesha wapita njia rili ya fedha. Haombi tena waipokee. Anawauliza tu, kwa unyonge, kama wanaiona imepinda. Ukikutana naye, weka mikono nyuma, umwambie ndiyo, upande wa kushoto, kisha uondoke zako.